Miguu ya Babu Yako

Odhiambo mwanangu,

Karatasi hizi nitakupa mkononi ukimaliza kula, uende nazo kwenye simba yako, kibanda chako cha ujana, uzisome peke yako. Usizifungue mbele ya baba yako. Nimeanza kuandika saa tisa mchana, wewe ukiwa umekwenda sokoni Migori kumuaga fundi wako wa redio kabla ya safari ya kesho ya Nairobi. Nimekaa mlangoni mwa jiko. Redio inaongea ndani ya nyumba na baba yako yuko pale pale ulipomwacha asubuhi. Najua, kwa sababu nimeingia kumwangalia mara nne nikijifanya natafuta ungo.

Mambo ya sabuni na soksi sitaandika. Kama hukujifunza kufua kwa miaka ishirini, barua haitakufundisha. Kuna jambo nimekuficha miaka mitatu, na lingine nimekuficha tangu mvua za mwezi wa nne, na yote mawili sasa yananitia hofu mpaka mikono inasahau kazi. Jana nilitia chumvi mara mbili kwenye samaki na nyinyi mkala mkanyamaza. Nilijua. Nilikuwa nawaangalia.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Kijaluo changu mnakicheka mpaka leo, na Kikuria chako kinaishia kwenye salamu. Hata baba yako alinitongoza kwa Kiswahili, tena cha kuokota okota, pale sokoni nilipokuwa nauza wimbi na mama yangu. Basi na haya uyasikie kwa lugha hiyo hiyo.

Babu yako wewe unamkumbuka akiwa amekaa. Ulikuwa shule ya bweni huko Homa Bay, na kila likizo ulipokuja ulimkuta kwenye kiti chake, redio mezani, ukaketi miguuni pake mkasikiliza pamoja. Mimi namkumbuka akitembea. Yule mzee alikuwa hatulii. Anaamka anakwenda kuhesabu ng'ombe, anateremka mtoni, anarudi anakagua ua, anaokota punje za mahindi tulizomwaga, anagombana na mbuzi. Bibi yako alipokufa ndiyo akazidi. Ungemwona mchana kwa jirani mmoja, jioni kwa mwingine, ana fimbo lakini haegemei, anaibeba tu.

Sasa sikiliza. Kwetu Bukuria kuna kitu tunakiita ensoni. Ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa, ni aibu ya heshima. Mke hatazamani usoni na baba wa mumewe, hapishani naye kwenye njia moja, hamgusi hata kwa bahati mbaya. Nyinyi Wajaluo pia mnamheshimu mkwe, lakini yetu ni kali, na mimi niliingia kwenye boma hili nayo kama nilivyolelewa. Mkwe anayetembea kutwa nzima alikuwa mateso kwangu. Nikitoka na mtungi, huyo. Nikienda chooni, huyo. Mara ngapi nimeingia kwenye mahindi ya watu na maji kichwani kumpisha. Siku moja alisimama kutengeneza ua karibu na jiko, mimi nikajibanza nyuma ya ghala, na uji wa watoto ukaungua ukawa mkaa kwa sababu sikuweza kupita mbele yake. Niliona uchungu, mwanangu. Nililia kwa hasira nyuma ya ghala kama msichana.

Uhuru ulipokuja, wanaume wa mgodini alikofanya kazi baba yako walinunua redio, na yeye akaja nayo siku ya Jumamosi, ameifunga kwenye baiskeli kwa blanketi. Aliitaka iwe kwetu. Mimi ndiye niliyesema, "Mpelekee mzee. Yuko peke yake." Majirani walinisifu. Wakasema mke wa Kikuria ana moyo, wake wengine wangeing'ang'ania. Hata kwenye mazishi ya babu yako mtu mmoja alisimama akataja jambo hilo, na mimi nikatamani ardhi inifiche.

Kwa sababu nilichokuwa nataka ni kwamba akae. Hicho tu. Mzee akikaa, mimi natembea. Sikumtakia mabaya, Mungu anajua, lakini nilitaka ile njia ya kwenda mtoni iwe yangu.

Mwanzoni hakukaa sana. Alisikiliza habari jioni na wazee wenzake, wakabishana, wakaenda zao. Kilichomfunga kitini ni matangazo ya vifo. Unajua jinsi yanavyosomwa, jina la marehemu, ni wa wapi, atazikwa lini. Babu yako alikuwa na rafiki wa Karungu, aliyevua naye samaki ujanani. Yule mzee alifariki, jina lake likatangazwa, na saa hiyo babu yako alikuwa mtoni na ng'ombe. Sisi tuliosikia kwa majirani tulidhani na yeye amesikia. Alikuja kujua baada ya siku nne, maiti iko ardhini. Watu wa Karungu wakauliza mbona hakuja. Mtu wa rika lake, tena rafiki, kukosa mazishi, wewe mwenyewe unajua hilo linasemwa miaka mingapi.

Tangu siku hiyo hakutoka tena. Ng'ombe wakapewa mtu wa kuchunga. Alisema, "Nikitoka watatangaza mwingine na mimi sipo." Asubuhi anafungua redio, mchana anakula hapo hapo, jioni hapo hapo. Alikuwa hajui tangazo litakuja saa gani, kwa hiyo alisikiliza kila kitu, habari ya bei ya pamba, mafunzo ya Kiingereza, nyimbo za watu asiowajua. Na usiku hakulala. Nilikuwa namsikia akikohoa na redio ikikoroma hata baada ya watu kumaliza kuongea. Wazee wenzake wakaacha kuja, maana alikuwa anawanyamazisha. Akaanza kusahau majina yetu, lakini waliokufa aliwataja wote na mahali walipozikwa.

Na hakwenda kwenye mazishi yao hata mara moja. Hilo ndilo linalonisumbua nikilifikiria. Alikaa ili asikose mazishi, halafu akakaa mpaka hakuweza kuyafikia. Mara ya mwisho alijaribu kwenda kwa jirani hapa Suna, si mbali, akafika kwenye lango la boma letu akashika mti, akarudi. Alisema jua ni kali. Hakukuwa na jua.

Mimi nilikuwa nampelekea chakula. Kwa desturi yangu naweka sahani chini karibu na mlango, nimeinamisha kichwa, natoka. Mtu aliyeinamisha kichwa anaona nini, Odhiambo? Anaona miguu. Mimi ndiye niliyekuwa naiona miguu ya babu yako kila siku, mara tatu kwa siku, kuliko mtu yeyote duniani. Niliiona ikianza kuvimba kwenye vifundo. Niliona viatu vya matairi vikiacha alama kwenye nyama, halafu niliona ameviacha, yuko peku. Niliona ngozi inang'aa. Halafu niliona mmoja, wa kushoto, umekuwa mkubwa kuliko mwenzake na umekuwa mwekundu.

Nikanyamaza. Ningesema vipi? Mkwe anasema miguu ya mzee ikoje? Ni kusema nimemwangalia mwili. Baba yako alikuwa anakuja Jumamosi jioni amechoka, anamsalimia mzee gizani, mzee anasema yu mzima. Shangazi zako wameolewa mbali. Nilijiambia ataona mwingine. Nilijiambia uzee ndio huo. Na nikuambie ukweli wote, nilikuwa nimezoea. Njia ya mtoni ilikuwa yangu, nilikuwa natembea nikiimba.

Tangu kuvimba kule kwekundu zilipita siku sita. Ya saba alishindwa kupumua. Tukampandisha kwenye lori la samaki mpaka Homa Bay, amelala juu ya godoro, na mimi ndiye niliyekwenda naye kwa sababu baba yako alikuwa mgodini na hakuna mwingine. Nilikaa pembeni ya lori nimempa mgongo. Mkwe wangu anatafuta pumzi na mimi nimempa mgongo, nikiangalia barabara.

Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuwa kijana mpole. Alifunua shuka akaangalia mguu, akaubonyeza kidogo kwa kidole, shimo likabaki. Akauliza, "Amekuwa akikaa tu?"

Nikasema, "Anasikiliza redio."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na zaidi."

Akanieleza taratibu. Alisema damu ya miguu inarudishwa juu na kutembea, na mtu mzima akikaa kutwa nzima, siku baada ya siku, inalala chini, inaweza kuganda, na kipande kikikatika kinapanda kifuani. Ndicho kilichompanda. Halafu akauliza, bila ukali kabisa, "Mama, nyumbani nani alikuwa anaiona hii miguu?"

Nikasema, "Hakuna."

Siku tisa baadaye babu yako alikufa. Wewe uliambiwa ni kifua. Baba yako pia aliambiwa ni kifua, na ndivyo anavyojua mpaka leo. Lile jibu nililompa dresa sijamwambia mtu, hata kanisani.

Ungedhani mtu aliyeona hayo angeitupa redio mtoni. Nilitaka. Lakini ilikuwa kitu cha marehemu, na baba yako akaichukua kwa heshima akaiweka kwetu, juu ya kitambaa nilichoshona mimi mwenyewe. Kwa mwaka mmoja haikuwa neno. Alikuwa na kazi. Mtu anayeendesha baiskeli kutoka mgodini mpaka hapa hana shida ya damu kulala.

Halafu mgodi ukafungwa.

Unayajua mengine, lakini sidhani umeyaona, kwa sababu wewe unatoka asubuhi kwenda kwa fundi na unarudi jioni, na jioni kila mtu amekaa. Mimi ndiye niliye hapa mchana. Baba yako anakaa kutoka chai mpaka giza. Baiskeli imeota kutu. Mshipi ulikuwa unambana, umepata matundu mapya mawili, nimeyatoboa mimi kwa msumari wa moto. Halali vizuri, anashtuka, anauliza ni saa ngapi, anafungua redio kidogo kidogo asituamshe. Akipanda kutoka kuoga mtoni anasimama mara tatu, na anajifanya anaangalia mashamba ya watu. Na anakasirika upesi, yeye aliyekuwa mtu wa mzaha.

Unajua anangoja nini? Nilimuuliza juzi. Nilidhani atasema habari. Akasema, "Siku wakifungua mgodi watatangaza. Watataka watu wa zamani kwanza." Alisema hivyo bila kuniangalia. Babu yako alingoja vifo, huyu anangoja kazi, na kiti ni kile kile cha mbao chenye mkono uliolegea.

Nimemwambia. Usifikiri nimenyamaza tena. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia mbele ya mchungaji. Alinijibu, "Nimefanya kazi tangu nikiwa mdogo kuliko Odhiambo. Leo nikikaa kwangu ni kosa?" Na si kosa. Hapo ndipo ninaposhindwa. Mtu amechoka, ana haki ya kukaa kwake. Nitamwambia nini, kwamba namwogopea kiti?

Sasa lile la pili. Ile waya ya ndani ya redio uliyokuwa unaikuta imekatika, si panya. Ni mimi.

Nilitumia kisu cha mboga. Mara ya kwanza ilikuwa mvua za mwezi wa nne, nikifikiri itanirushia moto. Redio ikanyamaza. Baba yako akahangaika siku mbili, ya tatu akavaa viatu akaenda sokoni kutafuta wenzake wa mgodini. Alirudi jioni ana vumbi mpaka magotini na amecheka na watu. Akalala usiku mzima. Nililala nimeshika mkono wake kama bibi harusi. Halafu Jumapili wewe ukafungua kifuniko, ukachomelea waya, ukasema, "Baba, imepona," na yeye akarudi kitini. Nikakata tena. Ukachomelea tena. Ukaleta paka. Yule paka amekula kuku wangu wawili, na sikuweza kusema kitu kwa sababu alikuja kwa ajili ya panya ambaye ni mimi. Mara ya tatu ulizungushia waya bati, kazi safi, fundi wako mwenyewe aliisifu. Kisu changu hakiingii tena. Nilikuwa najivunia mikono yako na nikiilaani kwa wakati mmoja, na hilo unisamehe.

Nadhani ulipokuwa ukimtengenezea ulikuwa unamwonyesha upendo, na yeye aliupokea hivyo. Mimi pia nilipompelekea babu yako redio, kila mtu aliita upendo. Hata mimi nilijaribu kuita hivyo. Kama kuna kitu nimejifunza kwa gharama kubwa ni kwamba niliridhika upesi mno na ukimya wa mtu. Aliponyamaza na kukaa mahali pamoja nilisema, haya, mzee ametulia. Wewe utaishi na watu huko Nairobi, na siku moja utakuwa na nyumba yako. Sijui nikuambie nini kuhusu hilo. Nakuambia tu nilivyofanya mimi.

Na sasa unakwenda kujifunza televisheni. Nafurahi, usidhani sifurahi. Lakini Jumapili iliyopita ulimwambia baba yako, "Nikimaliza, ya kwanza nitakuletea wewe. Utaona watu wakiongea, si kusikia tu." Akacheka. Sijamwona akicheka hivyo ndani ya nyumba hii tangu mgodi ufungwe, na mimi nikatoka nje na sufuria tupu. Sauti peke yake imemkalisha babu yako mpaka akafa. Sasa picha? Picha haitampa hata nafasi ya kugeuza shingo. Unasema mitambo haijafika huku kwetu, itachukua miaka. Nashukuru kwa hiyo miaka. Usimletee, Odhiambo. Akikuomba kwa barua, useme ni ghali, useme zimekwisha, mwongopee. Dhambi hiyo nitaibeba mimi, nina nafasi.

Lakini hiyo ni ya baadaye, na mimi sina hakika na baadaye. Nitakuambia kwa nini naandika leo. Juzi usiku alipovua viatu nilileta taa karibu, nikijifanya natafuta sindano. Huyu ni mume wangu, hakuna ensoni, nikashika mguu wake kwa mikono yangu miwili. Akauliza nafanya nini. Nikambonyeza kwenye kifundo kama yule dresa alivyofanya.

Shimo lilibaki.

Miguu yote miwili bado iko sawa kwa ukubwa, hakuna mwekundu, nimeangalia jana na nimeangalia leo alfajiri akiwa amelala. Nimemwambia twende hospitali Homa Bay, nikamweleza nilichoona. Akasema ni viatu. Mimi siwezi kumbeba. Anayemsikia ni wewe.

Amepanga kesho asubuhi akubariki akiwa kitini, wakati wa habari, halafu mimi na dada zako tukusindikize mpaka barabarani kwenye basi. Usikubali. Mwambie mbele ya watu wote, "Baba, nisindikize wewe." Hawezi kumkatalia mtoto anayeondoka, atasimama. Ukifika naye barabarani, kabla hujapanda, mwambie lile la babu yako, la miguu, la dresa, na jibu nililompa. Mwambie lote, hata kama baada ya hapo hatataka kuniona. Ayasikie akiwa amesimama, na akiwa amepumua kwa shida kutoka mtoni mpaka pale, ajue mwenyewe nasema nini. Halafu umwambie unataka barua kutoka hospitali ya Homa Bay, iliyoandikwa na mtu aliyeiona miguu yake.

Naogopa hata hilo. Ule mlima wa kutoka mtoni mpaka barabarani ni mrefu kwa mtu aliyekaa miaka miwili. Nimeuwaza mchana wote, jiwe kwa jiwe, mahali atakaposimama na mahali atakaposema anaangalia mashamba. Sijui kama nakuomba umponye baba yako au umwue. Hakuna wa kumuuliza hapa. Nendeni polepole. Mpe sanduku dogo abebe, asijione mgonjwa, na wewe usiende mbele yake.

Akikwama katikati na basi likapiga honi, usirudi naye. Kimbia ulipande. Mimi nitakuwa nyuma yenu hatua chache, na nitakaa naye pale njiani mpaka apumue.

Mama yako,
Robi